Jibu: Kuni za Canter zinapimwaje?

Mkuu, umeuliza kama kuni mlizoletewa hapo shuleni Bahi, ambazo muuzaji anasema ni mita 5 za ujazo, kweli zinafika. Usizipime zikiwa garini, zimerushwa hovyo na katikati ni hewa tupu. Zishusheni, chimbieni nguzo mbili, mzipange kati yake zikilala upande mmoja, vijiti vikiziba mapengo. Kisha zidisha urefu wa rundo kwa kimo chake kwa urefu wa kipande. Rundo la mita 4, kimo mita 1.2, vipande vya mita 1: hiyo ni mita za ujazo 4.8. Kimo kipime sehemu tatu uchukue wastani, maana juu huwa hapako sawa.

Linaloumiza wengi ni hili: hiyo 4.8 si mti mtupu. Kuni zilizonyooka, mti wenyewe ni kama asilimia 60 hadi 70. Hii migunga yetu iliyopindapinda huweza kushuka chini ya 50. Kwa hiyo bei mkubaliane kwa mita ya ujazo ya kuni zilizopangwa, tena kabla gari halijapakia. Mimi niliwahi kulipa kwa kukadiria kwa macho. Zilipopangwa zikawa theluthi mbili tu. Iliniuma sana, ilikuwa hela ya uji wa watoto.

Chini tangulizeni magogo mawili, mchwa wa huku hawana huruma. Mvua zikianza Desemba, funikeni juu tu kwa bati, pembeni pabaki wazi upepo upite.