Taa za jukwaani: nitajifunzia wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi umeme mwenye umri wa miaka 24, mkazi wa Chang'ombe, Dodoma. Kwa miaka miwili nimekuwa nikifunga taa kwenye matamasha ya kwaya na maonyesho ya kikundi chetu cha maigizo, lakini kila nikiitazama kazi yangu naona nimeliangaza jukwaa tu, sijalipatia maana. Je, usanifu wa taa za jukwaani unasomewa hapa nchini, au ni lazima niende ng'ambo?

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hiyo uliyoiona kati ya kuliangaza jukwaa na kulipatia maana ndiyo somo lenyewe, nami nimefurahi kwamba umeiona kabla hujaambiwa na mwalimu. Huna haja ya kuanzia ng'ambo. Usitafute chuo cha taa. Tafuta chuo cha sanaa za maonyesho chenye jukwaa linalotumika.

Ningeanza na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ambako ufundi wa jukwaa hufundishwa pamoja na ngoma, maigizo na muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimefundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi. Karibu nawe kipo Chuo Kikuu cha Dodoma: hata kama hujasajiliwa, nenda ukawaombe walimu wa sanaa wakuruhusu kusaidia taa wanafunzi wanapoonyesha michezo yao, maana fundi umeme anayejitolea hafukuzwi kirahisi. Popote utakapoomba nafasi, kabla ya kulipa ada, uliza swali moja: mwanafunzi anashika taa kwa mikono yake saa ngapi kwa wiki?

Wakati ukisubiri majibu, lifundishe jicho lako. Mketishe mwenzako kwenye kiti ndani ya chumba chenye giza, akiwa amejitanda khanga nyekundu, kisha mmulike kwa taa moja. Ukimmulika kutoka mbele usawa wa macho, uso wake unakuwa bapa kama picha ya kitambulisho. Ipandishe taa na kuisogeza pembeni hadi ifikie kama nyuzi 45, na hapo pua, mashavu na paji la uso vinajitokeza. Badilisha mwanga uwe wa kijani, na ile khanga nyekundu itafifia hadi ikaribie weusi. Stanley McCandless, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alijenga mbinu yake juu ya pembe hiyo: kila eneo la jukwaa lipate taa mbili, kushoto na kulia, moja ya rangi ya joto, kama njano, na nyingine ya ubaridi, kama buluu. Mimi huongeza ya tatu kutoka nyuma, kwa sababu muigizaji mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya pazia jeusi bila mwanga wa mabegani, watu wa viti vya nyuma wanamwona nusu.

Ufundi wako wa umeme ni mtaji mkubwa. Taa moja ya kopo aina ya Par 64 yenye balbu ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 4 kwenye umeme wetu wa volti 230, hivyo taa tatu tu zinaimaliza soketi ya ampea 13. Katika ukumbi mmoja hapa mjini niliwahi kukuta kopo sita zimeunganishwa kwenye ekstensheni moja, plastiki yake imeanza kulainika na kunuka, na chini yake watoto wa kwaya wamejipanga wakisubiri kuimba. Bahati nzuri tuliizima mapema.

Kuhusu kuziongoza taa, jifunze DMX512, mfumo wa mawasiliano uliobuniwa mwaka 1986, ambao laini yake moja hubeba chaneli 512, yaani njia 512 za kupeleka amri kwa taa. Programu ya kuongozea taa iitwayo QLC+ ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Utahitaji kununua kifaa kidogo tu cha kuiunganisha na taa.

Na kwa tamasha lijalo la kwaya, chora kwanza mpango wa taa kwenye karatasi: kila taa ilipo, pembe yake, rangi yake, na ubeti utakaobadilisha mwanga. Piga picha usiku wa onyesho, kisha uhifadhi picha na mchoro pamoja, uende navyo siku ya usaili.