Mimba zabibu pamoja na mtoto mzima: usiache vipimo baada ya kujifungua

Dada, umeandika kwamba una mtoto tumboni pamoja na mimba zabibu, yaani kondo lililogeuka malengelenge kama kichala cha zabibu. Umeandika pia umeambiwa "kondo likishatoka mambo yameisha", na kwamba unataka kubeba tena mapema. Hapana! Anayemwambia mama maneno hayo anamhatarisha, na inaniuma kwa sababu wengine huyasema wakiwa wamevaa koti jeupe.

Kwa utrasaundi uliyoeleza, kondo la mtoto safi na zabibu pembeni, mara nyingi hao ni mapacha. Mmoja ni mtoto wa kawaida. Wa pili ni yai lisilo na vinasaba vya mama, lina vya baba tu, likageuka malengelenge matupu. Chembe zake hujichimbia kwenye ukuta wa kizazi. Mtoto atatoka, kondo litatoka, lakini chembe chache zikibaki huzaliana na huweza kufika mapafuni. Katika utafiti wa Uingereza wa 2002, kati ya mimba 53 za aina hii zilizoendelezwa walizaliwa watoto 20 hai, na takriban mama mmoja kati ya 5 alihitaji dawa za saratani. Walioitoa mapema nao hawakuwa salama zaidi kwa tofauti kubwa.

Kwa hiyo kondo lote liende patholojia, maabara inayochunguza vipande vya mwili, lisitupwe. Kisha pima hCG, homoni ya mimba, kwa damu, kipimo kile kinachotoa namba, kila wiki, maabara ileile, mpaka iwe kawaida mara 3 mfululizo. Baada ya hapo ni kila mwezi, mara nyingi hadi miezi 6. Kijiti cha mkojo usikitegemee: hakionyeshi kiasi, na homoni ikiwa nyingi mno kinaweza hata kusoma hakuna mimba. Namba ikipanda wiki 2 mfululizo, au ikigoma palepale vipimo 4 ndani ya wiki 3, unaanzishiwa dawa, mara nyingi methotreksati, moja ya dawa za saratani, na wengi sana hupona kabisa wakiwahi.

Ukibeba mimba kabla vipimo havijaisha, hCG itapanda na hakuna atakayejua ni mtoto au ni ugonjwa. Tumia kondomu, sindano au kipandikizi. Kitanzi kisubiri hCG ishuke kuwa kawaida.

Kwa sasa hudhuria hospitali ya rufaa yenye damu ya akiba. Presha ya mimba hii huweza kupanda hata kabla ya wiki 20, kwa hiyo kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au damu ikitoka, nenda usiku huohuo. Baada ya kujifungua, kukohoa damu au kutokwa damu kusikokoma ni safari hiyohiyo, hata kama tarehe ya kipimo haijafika.