Jibu: Fred Flintstone na Scooby-Doo katuni moja, imewezekanaje?

Mkuu, umeuliza ilikuwaje Fred Flintstone na Scooby-Doo wakatokea wote kwenye katuni ya mahakamani bila watengenezaji kushtakiwa kwa kutumia wahusika wa wengine. Hiyo ni Harvey Birdman, Attorney at Law. Wahusika hao ni wa studio moja, Hanna-Barbera, iliyonunuliwa na kampuni ya TV ya Turner mwaka 1991, kwa hiyo mwenye mali alikuwa mmoja tu. Ninachoipendea ni kesi zenyewe: Fred anashukiwa kuwa bosi wa genge! Sisi tuliokulia Magomeni tukiwaangalia kwa jirani mwenye TV, utani ule unatuingia moja kwa moja.

Mtihani wa kuchanganya wahusika wa wenye mali tofauti ulikuwa kwenye filamu ya Who Framed Roger Rabbit, 1988. Mickey Mouse ni wa Disney, Bugs Bunny ni wa studio pinzani, Warner Bros., ikabidi wapewe muda sawa kwenye skrini. Anza na hiyo ukiwa na watoto. Birdman ni ya wakubwa.