Maswali ya Pesa: Bilioni kwa Smoki na Mayai

Swali: Nauza smoki na mayai stejini, Kayole. Siku nzuri hubaki na faida ya 1,000. Nikijinyima, naweza kuwa bilionea?

Hapana, ndugu yangu. Hata ungebaki na 10,000 kila siku, usile wala usilipe kodi ya nyumba, bilioni moja ingekuchukua miaka 274. Sasa weka 100 kila siku mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka, riba izae riba. Baada ya miaka 30 utakuwa na kama milioni 6. Zitakupa usingizi (japo bei ya unga nayo haitakungoja), ila ubilionea haumo humo. Toroli yako ina mikono miwili tu, na ukiugua haiuzi. Mtazame anayekuletea mayai kwa trei. Akiwa na wateja mia kama wewe, kila yai mnalouza linampa kitu hata akiwa amelala. Matajiri wakubwa karibu wote wako upande wake: wanamiliki kipande cha biashara inayouzia umati.

Swali: Ni lazima uzaliwe kwa wenye nacho, au uibe?

Yote mawili husaidia, nisikudanganye. Lakini iangalie benki ya Equity. Ilianza 1984 ikikopesha watu pesa za nyumba, na kufikia 1993, James Mwangi, aliyekuja kuiongoza, alipojiunga nayo, hasara zilikuwa zimemeza mtaji wote. Ikawageukia watu wa vibanda na wakulima wadogo, ambao benki kubwa hazikuwa na haja nao. Mwaka 2006 ikaingia soko la hisa la Nairobi. Waliokuwa wameshikilia hisa zake tangu zile siku za njaa ndio waliovuna.

Swali: Rafiki ananivuta kwenye kikundi cha WhatsApp, pesa inarudi mara mbili kwa mwezi. Niingie?

Usiingie. Upatu wa namna hiyo ulisomba akiba za Wakenya wengi 2006 na 2007.

Swali: Na hisa, si kamari tu?

Nilivyozicheza mimi, zilikuwa kamari. Mwaka 2008 serikali ilipouza asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom, shilingi 5 kwa hisa, nilipanga foleni mjini, fomu nimeifunga ndani ya gazeti isilowe. Niliomba nyingi, nikapata kiduchu. Bei ikashuka chini ya 3, na mimi nilikuwa nimekopa Sako, chama chetu cha akiba na mikopo. Kila mwisho wa mwezi makato yalinikodolea macho. Nikauza. Mwaka 2021 hisa hizo hizo zilipita 40.

Jirani yangu, fundi cherehani, alinunua siku ileile kwa pesa zake mwenyewe, akazisahau. Gawio likiingia huninunulia soda, na huhakikisha nimejua imetoka wapi.