Wakili kila siku "tunasubiri", na sisi tushafunga maboksi

Tangu tugusie habari ya mikopo ya nyumba kwenye safu hii barua zimemiminika, na karibu zote zinalia kilio kimoja, hela ipo, nyumba ipo, muuzaji kakubali, ila makaratasi hayasogei. Nimechukua nne, majina nimeyaacha pembeni.

Shikamoo anti. Mimi na mume wangu tunanunua nyumba yetu ya kwanza. Tumelipa kianzio asilimia 10, benki imekubali mkopo, tukajua sasa ni suala la wiki chache tu. Mpaka leo wakili wetu kila nikimpigia anasema tunasubiri, nikiuliza tunasubiri nini ananiambia mambo ya kisheria hayana haraka. Mwenye nyumba tunapokaa anataka kujua tunatoka lini maana ana mpangaji mwingine, nusu ya vyombo iko kwenye maboksi, na mume wangu ameanza kusema mimi ndo nilimchagua huyu wakili. Tubadilishe wakili au tuvumilie?
*Mpangaji aliyechoka*

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Kabla hamjamfukuza mtu hebu tujue kwanza faili lenu liko kwenye meza ya nani, maana kwenye kununua nyumba kuna watu wengi kuliko hao mnaowaona. Kuna wakili wenu, kuna wakili wa muuzaji, kuna benki yenu ambayo nayo ina wakili wake na huyo pengine hamjawahi hata kumtia machoni, kuna mthamini, kuna masjala ya ardhi, kuna ofisi inayodai kodi ya jengo kama muuzaji hajalipa, na kama nyumba iko rehani kuna benki ya muuzaji pia. Faili likilala kwa mmoja tu kati ya hao, wote mnasimama, na wakili wenu hana mamlaka ya kumwamsha mtu wa ofisi nyingine, anachoweza ni kuandika barua na kupiga simu.

Hiyo ya rehani ndo inayokula muda kuliko zote na watu wengi hawaielewi. Muuzaji ana deni benki kwake na hati imeshikwa huko. Benki yake haiachii hati mpaka deni liishe, muuzaji mwenyewe anategemea hela yenu ndo alipe hilo deni, na benki yenu nayo haitoi hata senti mpaka ihakikishe hati inakuja ikiwa safi. Mnaona hapo? Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kinachovunja huo mzunguko ni barua za ahadi, yaani benki au wakili anaahidi kwa maandishi kwamba hati ikifika hela italipwa, na upande wa pili unaahidi kwamba hela ikifika rehani itafutwa, na kila barua ina mtu wake wa kuisaini ambaye mara yuko likizo, mara anataka neno moja libadilishwe. Ndo hivyo wiki zinakatika na hakuna mtu aliyefanya kosa lolote.

Afu kuna vitu vidogo vya kuudhi. Hati inasoma Mohamedi, kitambulisho kinasoma Mohamed. Muuzaji alinunua akiwa na jina la kwao, sasa ana la mumewe. Ukubwa wa kiwanja kwenye hati na kwenye ramani ya mpima haulingani. Mkiyaona hayo mtasema si ujinga huu, herufi moja tu, lakini msajili akiona majina mawili kwake ni watu wawili, atarudisha faili, itabidi muuzaji aape kiapo kwamba wote ni yeye, na foleni inaanza upya.

Sasa huyo wakili wenu. Acha kumpigia kila siku, mtumie meseji moja au barua pepe hivi:

"Habari wakili. Naomba unijibu kwa maandishi: kwa sasa kinasubiriwa kitu gani hasa, kiko kwa nani, kiliombwa tarehe ngapi, na mara ya mwisho kukifatilia ilikuwa lini? Je, kuna karatasi yoyote upande wetu haijafika? Naomba pia kujua ofa yetu ya mkopo inaisha tarehe ngapi. Asante."

Akijibu kwamba sachi, yaani uchunguzi wa nyumba kwenye daftari la masjala, iliombwa tarehe fulani, majibu yamekuja isipokuwa moja, barua ya benki ya muuzaji ndo imebaki na alikumbushia juzi, huyo mvumilieni, anafanya kazi. Akishindwa hata kusema kitu kiliombwa lini, mimi nadhani hakijaombwa kabisa. Hapo muombe mkuu wa ofisi yake aliangalie faili, na si kwa ukali, kwa maandishi tu. Kuhama wakili iwe hatua ya mwisho kwa sababu mpya ataanza kusoma kila kitu mwanzo na utamlipa, na sehemu nyingi yule wa zamani ana haki ya kushikilia faili mpaka alipwe chake. Isipokuwa ukigundua kwamba huyo huyo anamtetea na muuzaji bila kuwaambia, au hawezi kuonyesha kianzio chenu kiko akaunti gani, hapo ondokeni hata kama itachelewa zaidi.

Hilo la tarehe ya ofa nimelichomeka kwenye meseji makusudi. Ofa ya mkopo ina mwisho wake. Ikiisha, benki inaweza kuwaomba karatasi za mshahara upya, kumrudisha mthamini, hata kubadilisha riba, na kama ndani ya muda huo mmoja wenu kaacha kazi au mmechukua mkopo wa gari, hesabu zote zinavurugika. Kwa hiyo kipindi hiki kaeni kama mlivyokuwa siku mnaomba, makochi ya mkopo yasubiri. Ofa ikikaribia kuisha ombeni kuongezewa muda mapema, benki nyingi zinaongeza ukiwahi, ukienda imeshaisha ni maombi mapya.

Mwenye nyumba mwambieni ukweli, msimpe tarehe ambayo hamna. Muombeni mkae mwezi kwa mwezi hata kama ataongeza kodi kidogo, hiyo nyongeza ni nafuu kuliko kuhifadhi vyombo huku na ninyi mmelala kwa shemeji. Notisi ya kuhama msiitoe mpaka kuwe na tarehe ya kukabidhiwa iliyoandikwa na kusainiwa pande zote mbili. Kukubaliana bei bado si kufungana. Pale Uingereza, kwa mfano, muuzaji anaweza kuchukua mteja mwingine mwenye bei kubwa hata baada ya kukukubalia, mpaka siku wewe na yeye mnapopeana mikataba iliyosainiwa, na Ufaransa mnunuzi ana siku 10 za kujitoa baada ya mkataba wa awali. Kila nchi ina mstari wake, muulizeni wakili wa kwenu upo wapi na kama mmeshauvuka au bado.

Na wewe na mzee mchague mmoja wa kuongea na wakili, siku moja kwa wiki, mwingine asiulize katikati. Nyumba nyingi zinapata ugomvi hapa, si kwa sababu ya hela, ni kwa sababu kila jioni mada ni ile ile. Maboksi ya masufuria fungueni, mtafunga tena.

Habari anti. Nimepata nyumba nzuri bei imepoa, ila hati ni ya marehemu baba yao. Watoto wako wanne, wote wamekubali kuuza na wako tayari kusaini mbele ya wakili. Mirathi ndo wanasema iko mahakamani. Dalali ananiambia nilipe nusu sasa hivi kwa kaka mkubwa maana mirathi ikitoka bei itapanda na kuna mteja mwingine anaulizia. Nifanyeje?
*Kijana mwenye akiba*

Usilipe.

Haya, nieleze. Marehemu hawezi kuuza, na watoto wake bado hawawezi, hata wasaini wote wanne na mama yao juu yake. Mwenye uwezo wa kuuza ni yule atakayepewa na mahakama kazi ya kusimamia mirathi, na mpaka karatasi hiyo itoke kaka mkubwa ni kaka mkubwa tu, ukimpa hela umempa yeye binafsi. Mahakama kwa kawaida inaacha muda ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwenye mirathi wanajitokeza kweli, mtoto wa nje, mke wa pili, mdai wa zamani. Huo muda upo kwa ajili ya watu kama hao, na kwa taarifa yako unakulinda na wewe, maana wakijitokeza baada ya wewe kulipa na kuhamia utakuwa kwenye kesi ambayo haikukuhusu.

Kama nyumba kweli umeipenda, tafuta wakili wako, si yule wa dalali, mwandikiane makubaliano kwamba utanunua kwa bei hii endapo msimamizi atateuliwa kabla ya tarehe fulani, na isipokuwa hivyo kila mtu aende zake. Ukilazimika kuweka chochote kiwe kidogo na kikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na iandikwe wazi kinarudi kwako chote mambo yakikwama. Wakikataa hilo na wanataka tu hela mkononi, basi ushapata jibu lako.

Mteja mwingine yupo kila mahali bwana. Sijawahi kusikia nyumba inayouzwa na dalali ambayo haina mteja mwingine anayeulizia.

Anti mimi kila kitu kimekamilika, nimelipa hela yote, muuzaji kanipa funguo na karatasi ya mauziano tumesaini. Kilichobaki ni masjala kubadilisha jina, naona wanachukua muda tu. Nianze kukarabati? Nataka kubomoa ukuta wa jikoni.

Hongera kwanza. Ila elewa ulipo. Nchi nyingi zinatumia mfumo ambao daftari la msajili ndo neno la mwisho, mfumo huo ulianzia Australia Kusini mwaka 1858 chini ya Robert Torrens, na ukasambaa sehemu nyingi duniani kwa sababu umerahisisha mambo, badala ya kufukua mikataba ya miaka mingi nyuma unaangalia daftari tu. Lakini una ukali wake, mpaka jina lako liandikwe pale, daftari linamtambua aliyekuuzia. Akiwa na deni mahali, mdai wake anaweza kuweka zuio juu ya nyumba katikati ya kipindi hiki, na wewe na funguo zako mfukoni utaanza kukimbizana mahakamani.

Kwa hiyo leo muulize wakili mambo mawili. La kwanza, maombi ya kuhamisha yamepokelewa na kupewa namba? Sehemu nyingi foleni inahesabiwa kuanzia siku ya kupokelewa, anayekuja baada yako anakaa nyuma yako. La pili, kama sheria ya kwenu inaruhusu mnunuzi kuweka zuio lake mwenyewe akisubiri, limewekwa? Vikiwa tayari pumua.

Kupaka rangi, kubadilisha vitasa, sawa. Ukuta uache. Na bima ya nyumba kata sasa hivi, usisubiri hati, maana moto ukitokea kesho swali litakuwa mkataba wenu unasema hasara ni ya nani, na wewe huo mkataba sidhani kama unaukumbuka kipengele kwa kipengele.

Kuna jamaa karani kaniambia faili langu liko chini kabisa, nikitoa ya soda litapanda juu. Wenzangu wote wanasema toa tu yaishe. Wewe unasemaje?

Muulize kama anatoa risiti. Baadhi ya masjala zina huduma ya haraka kabisa, unalipia dirishani, unapewa risiti na tarehe, hiyo ni halali na kama unayo hela tumia. Kama hakuna risiti hiyo ni rushwa, na ubaya wake hauishii kwenye dhambi. Hati iliyopita njia ya panya inaweza kufutwa siku ikigundulika, na kitu umekinunua kwa mkopo wa miaka mingi hutaki kiwe na mlango wa nyuma ambao mtu mwingine anaujua. Tena ukishatoa mara moja kila meza inayofuata itajua wewe ni wa kutoa.

Andika barua ya kuulizia, taja namba ya faili na tarehe ya kupokelewa, ipeleke ofisini na nakala yako igongwe muhuri. Zikipita wiki mbili kimya, andika nyingine kwa bosi wake na uambatanishe ile nakala. Makaratasi yenye muhuri yanawasumbua sana hawa watu kuliko kelele.