Wageni wa meli, miguu ya ufukweni: anza na mwezi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muongoza watalii hapa Moshi, nimezoea mlima na mbuga. Nimepewa wageni wanne watakaoshuka melini Zanzibar saa 2 asubuhi na kutakiwa kurudi saa 11 jioni. Wanataka kutembea ufukweni Paje na kuona wanyama. Nitajuaje maji yanapwa saa ngapi, na ratiba niipangeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na mwezi. Unapoandama au unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, ni bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti ikikaribia mita 4. Siku hizo Unguja hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Wiki ikipita ni maji mafu: yanapwa kidogo tu, karibu saa 10 jioni, na asubuhi ufukwe umefunikwa. Saa kamili itazame kwenye jedwali la maji la siku hiyo. Likiandika 10:15, kwetu ni saa 4 na robo.

Sasa angalia: kushuka melini, kupanga watu garini, kisha mwendo wa zaidi ya saa moja. Hamtafika Paje kabla ya saa 4. Siku ya bamvua kali mtafika maji yakianza kurudi, kwa hiyo tembeeni karibu na ufukwe, msiufuate mwamba wa matumbawe ulio mbele baharini. Siku mbili tatu baadaye ndiyo nzuri kwenu, maji yakipwa kati ya saa 5 na nusu na saa 6 na nusu.

Maji yakianza kujaa, geuka hapo hapo. Saa ya kwanza huenda polepole na kumdanganya mgeni. Saa ya tatu na ya nne huleta nusu ya maji yote. Tena hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu. Mbele mnaona mchanga mkavu, kumbe njia ya kurudi imefika kiunoni.

Wageni wavae raba, kuna wanyama wa baharini weusi wenye miiba mirefu. Waoneshe shimo la pweza: utalijua kwa maganda ya kaa yaliyotapakaa mlangoni. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, wakitazame ndani ya maji, wasikitoe kwa ajili ya picha. Kamba za mwani ni shamba la kina mama, zipitieni pembeni.

Maji yakiwa yamejaa, anzeni msitu wa Jozani, uko njia hiyo hiyo, kama kilomita 35 kutoka mjini. Kima punju wa huko ni ndugu wa mbega unaowajua msituni Rau, naye hana kidole gumba. Mikokoni wageni wakae kwenye daraja la mbao.

Utalii wa Zanzibar una kamisheni yake. Usidhani kibali cha bara kinatosha, chukua muongozaji mwenyeji.

Paje ondokeni saa 8 mchana, mkawie mjini kuliko njiani. Meli ikitia nanga nje, saa ya kuhesabu ni ya boti ya mwisho. Na kabla hamjaondoka bandarini, linganisha saa ya mgeni na simu yako, maana meli nyingine hubaki na saa za bandari ilikotoka.