Barua kwa Sista: Mama anarudia swali lile lile, kaka anasema ni mambo ya damu

*Asalaam aleikum, Sista. Nakuandikia kutoka Bombo, hapa Uganda. Mama yetu ana miaka 71. Tangu nikiwa mdogo namjua kwa kusuka kawa, na mabibi harusi wengi wa hapa walipelekewa chakula kilichofunikwa kwa kawa zake. Tangu Ramadhani iliyopita amebadilika. Ananiuliza kama nimelipa karo ya watoto. Nikimjibu, chai haijapoa ananiuliza tena. Kawa anaianza vizuri, ikifika mizunguko michache rangi zinampotea. Panapotakiwa nyekundu anatia kijani, anafumua, anaanza upya, mwisho analia. Redio anaifungulia sauti mpaka jirani anasikia. Majirani wanasema amefanyiwa kitu, tumtafutie wa kumsomea. Kaka yangu yuko Chicago, anafanya kazi ya kutunza wazee, wengi wao wenye asili ya Meksiko na Puerto Rico. Anasema huko wameona wazee kama hao, wanaoitwa Walatino, wanapata dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, mara moja na nusu ya weupe, kwamba ni mambo ya damu, na sisi weusi tuko hivyo hivyo, kwa hiyo tumwache mama apumzike tusimsumbue na hospitali. Mama ana presha, anameza dawa kichwa kikimuuma. Nisaidie.*
*— Binti wa Bombo*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nitaanza na sentensi uliyoiweka mwisho kabisa kana kwamba si kitu: "anameza dawa kichwa kikimuuma." Nilipoisoma niliiweka barua chini. Katika miaka yangu ya wodini nimewasikia akina mama wengi mno wakisema maneno hayo hayo, na wengi wao niliwaona tena wakiletwa mdomo umepinda upande. Presha haiumi. Inaweza kuwa 180 kwa 100 na mtu anasonga ugali wake, anacheka na wajukuu. Wakati huo mishipa midogo ndani ya ubongo inakakamaa na kuziba, mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Kila unapoziba, kipande kidogo cha ubongo kinakosa damu na kufa, bila mtu kuanguka wala kupiga kelele. Vipande vikishakuwa vingi ndipo watu wa nyumbani wanaanza kusema, "mama siku hizi anasahau."

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hiyo, na ianze wiki hii. Mama apimwe presha akiwa amekaa na kutulia kwa dakika kadhaa, apimwe tena siku nyingine, na dawa aliyoandikiwa aimeze kila siku, kichwa kiume kisiume. Asiongeze vidonge ili kufidia zile siku alizoruka. Presha ikishushwa kwa pupa nayo inaangusha mzee. Na kwa kuwa anasahau, usimwachie pakiti. Mpe wewe mkononi, kwa saa ile ile kila siku, umwone akimeza.

Sasa nije kwa kaka yako, na umfikishie salamu zangu, maana kazi anayoifanya huko ni ya heshima. Hesabu aliyoitaja ni ya kweli: Marekani inakadiriwa kwamba wazee wa Kilatino wanapata dimenshia kama mara moja na nusu ya wazee weupe. Ila sababu aliyoitoa ndiyo siikubali. Hapo Chicago kwake ni mmoja wa miji minne, pamoja na Bronx, Miami na San Diego, ambamo kuanzia 2008 Walatino zaidi ya 16,000 waliandikishwa ili afya yao ifuatiliwe. Walipokuja kuwapima kumbukumbu wale wa miaka 50 na zaidi, karibu mmoja kati ya 10 alikuwa na usahaulifu uliozidi wa umri wake ingawa haujafika dimenshia. Lakini Mkuba, Mpuerto Rico na Mmeksiko hawakulingana. Ndani ya jina hilo moja kuna watu wa asili ya Hispania, wenyeji wa kale wa bara lile, na wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Utasemaje hao wote ni damu moja?

Nyuma ya hapo, kuanzia 1998, huko Sacramento, California, walifuatiliwa wazee 1,789 wa miaka 60 na kuendelea, wengi wakiwa na asili ya Meksiko. Yule aliyekuwa na kisukari na tena amewahi kupata kiharusi, hatari yake ya dimenshia ilikuwa karibu mara 8 ya asiye na vyote viwili. Huo ndio mzigo wa wazee wale: kisukari, presha, uzito, kazi ngumu za shamba na viwandani, shule waliyoiacha wangali watoto, na hospitali waliyoiogopa kwa sababu hawana bima au hawajui Kiingereza. Hata ile chembe ya urithi iitwayo APOE4, inayotajwa sana kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina moja ya dimenshia, uzito wake kwa Walatino wengi umeonekana mdogo kuliko kwa weupe.

Damu ipo, sikatai. Huko Antioquia, Kolombia, daktari Francisco Lopera alitumia maisha yake na koo zenye kasoro ya urithi inayoleta Alzheimer mtu akiwa na miaka arobaini na kitu tu. Lakini ugonjwa wa namna hiyo ni nadra sana, na huanza mapema. Mama yako amefika 71 na akili yake timamu, akipanga rangi kichwani bila kuchora popote. Si wa kundi hilo.

Na nikisoma habari za wale wazee wa Sacramento, mwanangu, namwona mama yako na akina mama wengine wa kwetu: presha isiyofuatiliwa, sukari isiyopimwa, darasa la tatu au la nne akatolewa shule. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu dimenshia 45 kati ya kila 100 duniani zingezuilika au kucheleweshwa. Presha imo, kisukari kimo, elimu ndogo, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, upweke, hewa chafu. Macho yasiyotibiwa yamo. Masikio pia yamo.

Masikio ndiyo yaliyonifanya nirudi kwenye barua yako mara ya pili, kwa sababu ya ile redio. Mzee asiyesikia vizuri anauliza tena kwa sababu jibu halikumfikia. Baadaye anachoka kuuliza, anajitenga, na ubongo usiopata mazungumzo unazidi kunyong'onyea. Aangaliwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, na muuguzi anaitoa siku hiyo hiyo. Aangaliwe na macho, maana mwenye mtoto wa jicho huona rangi zimefifia, na nyekundu na kijani za ukindu mwangani anaweza asizitofautishe kama zamani. Sisemi ndiyo sababu yote. Nasema isipoangaliwa hatutajua.

Mkienda hospitali, msitosheke na kuambiwa "ni uzee". Uzee unamfanya mtu asahau jina la mtu kisha alikumbuke jioni. Haumfanyi ashindwe kazi ya mikono aliyoifanya miaka 50. Ombeni apimwe sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12 kama inapatikana, kaswende na virusi vya UKIMWI. Usiniogope kwa hayo mawili ya mwisho wala usione namvunjia mama heshima. Yote mawili hukaa mwilini miaka na kugusa ubongo, yote yana dawa, na wazee husahaulika kupimwa kwa sababu tu tunawaonea haya. Beba pia kila dawa iliyomo ndani ya nyumba. Vidonge vya mafua na mwasho vile vinavyoleta usingizi, mzee akivizoea, vinamvuruga kumbukumbu. Na mweleze daktari kama mama amekuwa na huzuni, kama alifiwa. Huzuni nzito kwa mzee hufanana na dimenshia kabisa.

Jambo la kuangalia zaidi ni namna watakavyompima akili. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma: chora saa, taja herufi kinyumenyume. Wamarekani wenyewe waliona Mlatino aliyesoma miaka michache anafeli kipimo kilichoandikwa kwa mwenye digrii. Hapa kwetu tumelijua hilo pia. Kipimo kifupi cha kumbukumbu kwa wenye virusi vya UKIMWI, kilichojaribiwa Kampala na Baltimore na kutangazwa 2005, kilitengenezwa makusudi kisihitaji kusoma: kugonga vidole, kufuata mkao wa mkono, kukumbuka maneno manne. Kwa hiyo mama aulizwe kwa lugha anayoizungumza nyumbani, Kinubi au Kiswahili, nawe uwepo. Na usiache kumweleza daktari habari ya kawa. Namna anavyopoteza rangi inaeleza mengi kuliko saa ya kuchora.

Kuhusu kusomewa: msomeeni. Qur'ani ni shifaa na itamtuliza moyo. Ila anayesoma asimwambie aache dawa, na mtu yeyote asimtaje jirani kuwa mchawi, maana neno hilo likishatoka limevunja mtaa.

Nyumbani usimbishie. Akiuliza karo mara ya tano, mwambie "nimelipa, mama," kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Usimnyang'anye ukindu. Mpunguzie rangi ziwe mbili, weka mbele yake kawa yake ya zamani aifuatishe, kaa naye usuke hata kama huwezi. Watoto wa nyumba nao wakae. Sigiri yenye moto asiachwe nayo peke yake. Kila siku atembee, hata mpaka sokoni na kurudi.

Mkiambiwa hatimaye kwamba ni dimenshia, haina dawa ya kuiponya. Ziko za kupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa. Presha na sukari zitaendelea kutibiwa vile vile. Na hili lisikilizeni wewe na kaka yako kwa ajili yenu, maana ninyi ndio mko umri wa kujikinga: huko Uchina, katika vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha walifuatiliwa. Nusu ya vijiji hivyo, kazi ya kupima, kutoa dawa na kushauri ilikabidhiwa watoa huduma wa kijijini wasio madaktari bingwa. Baada ya miaka 4, waliopata dimenshia kwenye vijiji hivyo walikuwa pungufu kwa asilimia 15. Hawakutumia mashine za ajabu. Walitumia kipimo cha presha cha kufunga mkononi na vidonge vya kawaida, vile vile vilivyopo kwenye vituo vyetu vya afya.

*Sista, baba yangu ana miaka 66, yuko kijijini karibu na Tororo. Alianguka kwenye boda wiki kadhaa zilizopita, akaamka mwenyewe, hakutoka damu. Sasa anasahau, analala mchana kutwa, na mguu mmoja anauburuta. Je, hii nayo ni dimenshia?*
*— Mwana wa Tororo*

Mwanangu, usingoje gazeti lijalo, wala siku ya kliniki. Mpeleke leo kwenye hospitali ya rufaa. Kwa wazee damu huweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, wiki baada ya kuanguka, bila jeraha nje. Dalili ulizoandika ndizo zake. Anahitaji picha ya kichwa ya CT. Damu ikionekana, daktari wa upasuaji huitoa, na wengi hurudiwa na akili zao. Usimpe aspirini wala diklofenaki ya maumivu njiani. Ukifika mwambie daktari siku aliyoanguka, kama anakunywa pombe, na kama kuna dawa yoyote ya kulainisha damu anayoimeza.